Kutoka Kilimia Hadi Uhuru: Jinsi Binadamu Walivyojua Kwamba Nyota Huzeeka

Mkulima wa pwani ya zamani hakuhitaji kalenda ya ukutani ili aujue msimu. Alikuwa na Kilimia, kile kishada cha nyota zilizosongamana, ambacho jina lake limetokana na kazi ya kulima. Kilipozama machweoni na kutoweka, na kilipochomoza tena alfajiri majuma kadhaa baadaye, alisoma humo habari za mvua na za jembe. Baba yake alikisoma vivyo hivyo, na babu yake vilevile. Mtu wa namna hiyo ukimwambia kwamba nyota huzaliwa, hukua, huzeeka na kufa, angekuuliza ni nani aliyewahi kuhudhuria maziko ya nyota.

Swali hilo lina haki yake. Leo tunajua kwamba Kilimia ni kundi la vijana, lenye umri wa miaka milioni 100 hivi. Nyota zake zilipowaka kwa mara ya kwanza, madinosaria walikuwa wamekwisha kuikanyaga dunia kwa zaidi ya miaka milioni 100. Na zile zing'aazo kuliko zote kishadani zitakuwa zimezimika zamani sana wakati Jua letu lingali likiwaka. Lakini kiumbe anayeishi miaka 70 au 80 amejuaje mambo hayo? Hakuna aliyekaa na nyota moja tangu utoto wake hadi kufa kwake, wala hatakuwapo. Ilibidi watu wengi wapokezane kazi kwa karne nyingi, na baadhi yao walilipia kwa machozi. Simulizi hii ni yao.

Mgeni aliyefika bila hodi

Mwaka 1006, katika mji wa Fustat nchini Misri, aliishi kijana aitwaye Ali bin Ridhwan, mtoto wa mwoka mikate, ambaye baadaye angekuwa mkuu wa matabibu wa Kairo. Usiku mmoja aliona upande wa kusini nyota ambayo haikuwapo kabla. Alipokuwa mtu mzima aliieleza katika ufafanuzi wake wa kitabu cha Ptolemy: ilikuwa kubwa mara mbili na nusu hadi tatu kuliko Zuhura, na nuru yake ilizidi kidogo robo ya nuru ya mwezi.

Miaka 48 ikapita. Tarehe 4 Julai 1054 wanafalaki wa wafalme wa Song huko China waliona nyota nyingine ya aina hiyo. Wao walikuwa na jina zuri kwa jambo hilo: waliiita nyota mgeni. Na kweli waliipokea kama mgeni, wakaandika siku aliyofika, mahali alipokaa, na muda aliokaa. Kwa siku 23 ilionekana hata mchana, na usiku haikutoweka hadi ilipokaribia kutimiza miaka miwili.

Huko Ulaya mafundisho ya Aristotle yalikuwa bado na nguvu, nayo yalisema kwamba mabadiliko ni mambo ya huku chini ya mwezi, na kule juu hakuna kinachoongezeka wala kinachopungua. Novemba 1572 Tycho Brahe wa Denmark aliona nyota ngeni inang'aa kuliko Zuhura. Aliipima usiku baada ya usiku akathibitisha kwamba iko mbali kupita mwezi. Kwa vipimo hivyo alitoboa tundu katika dari ambalo Aristotle aliliacha zima. Kitabu alichoandika kiliiita nyota hiyo kwa neno la Kilatini lenye maana ya mpya, nova. Tycho aliamini ameona uzazi. Ingechukua karibu miaka 400 kufahamu kwamba yeye, Ali bin Ridhwan na wale Wachina, wote walikuwa wameona vifo.

Bustani ya Herschel

Aliyeonyesha njia ya kulishinda tatizo la umri wetu mfupi alikuwa mwanamuziki. William Herschel alitoka Hanover akahamia Bath, Uingereza, akapiga kinanda kanisani, na usiku akachonga darubini zake mwenyewe. Kazi ya kung'arisha kioo haikuruhusu mkono uinuliwe, kwa hiyo dada yake Caroline, ambaye naye alikuja kuwa mwanafalaki mashuhuri, alimlisha mdomoni huku akiendelea kusugua. Mwaka 1781 Herschel aligundua sayari ya Uranus. Mwaka 1789 aliandika wazo ambalo kwangu mimi lina thamani kuliko hata sayari hiyo. Alisema mbingu ni kama bustani iliyostawi. Mtu hana haja ya kuusubiri mmea mmoja uchipue, uchanue, uzae na kunyauka. Akiingia bustanini siku moja tu ataikuta mimea ya kila hatua imesimama kwa wakati mmoja.

Sisi tungesema ni kama mgeni anayefika kijijini asubuhi na kuondoka jioni. Hakumwona yeyote akikua. Lakini ameona mtoto mgongoni mwa mamaye, ameona vijana uwanjani, ameona wazee barazani, na akitumia akili atayapanga maisha ya binadamu kwa ukamilifu. Hatari ni moja tu. Ikiwa mgeni huyo hajui lolote kuhusu watu, anaweza kuupanga mfululizo kinyume, akadhani mzee aliyeinama ndiye mwanzo na mtoto ndiye mwisho. Kosa hilo hasa ndilo lililowapata wanafalaki wa karne ya 20.

Nuru yasema

Mwaka 1835 mwanafalsafa Mfaransa Auguste Comte alitangaza kwamba yako mambo ambayo binadamu hatayajua kamwe kuhusu nyota, na mojawapo ni vitu zilivyoumbwa navyo. Alichokuwa hakijui ni kwamba ufunguo ulikuwa umekwisha kupatikana. Mwaka 1814 fundi vioo Mjerumani Joseph Fraunhofer aliipitisha nuru ya Jua kwenye kioo cha pembe tatu, akaona mistari myeusi zaidi ya 500 imekatiza katikati ya rangi za upinde wa mvua. Mwaka 1859 Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen, huko Heidelberg, wakagundua maana yake: kila elementi ina mistari yake, na hakuna mbili zenye mistari sawa. Chuma kina alama yake, sodiamu ina yake, hidrojeni ina yake. Kumbe nuru hubeba habari za mahali ilikotoka.

Kazi ya kuzisoma habari hizo iliangukia mikono ya wanawake. Katika kituo cha falaki cha Harvard, Marekani, Edward Pickering aliajiri wanawake kwa ujira mdogo kuchunguza picha za vioo zilizopigwa usiku. Mmoja wao, Williamina Fleming, alianza akiwa mtumishi wa nyumbani kwake. Mwingine, Annie Jump Cannon, alikuwa karibu kiziwi kabisa, na katika maisha yake alipanga nyota zipatazo 350,000 kwa madaraja yanayotumika hadi leo: O, B, A, F, G, K, M, kuanzia zile za buluu zenye joto kali hadi zile nyekundu zenye joto la chini.

Baada ya hapo Ejnar Hertzsprung wa Denmark na Henry Norris Russell wa Marekani, kila mmoja kwa njia yake kati ya 1905 na 1914, walizichora nyota kwenye mchoro mmoja. Upande mmoja wa mchoro uliandikwa mwangaza, upande mwingine joto. Nyota hazikutawanyika ovyo kama mtama uliomwagika. Nyingi zilijipanga kwenye mkanda wa mshazari. Kona ya juu yalikaa majitu mekundu, na kona ya chini nyota chache nyeupe zilizofifia.

Hapo mgeni wa kijijini akakosea. Russell alifikiri kwamba nyota huanza maisha ikiwa jitu jekundu, hujikunja na kupata joto hadi kuwa ya buluu, kisha huteremka polepole kwenye mkanda ikipoa. Alimweka mzee mahali pa mtoto. Hakukosea kwa uvivu. Alikosea kwa sababu wakati ule hakuna aliyejua nyota inachoma nini.

Kuni za Jua

Swali la kuni lilikuwa limewasumbua wakubwa kabla yake. Hermann von Helmholtz na Lord Kelvin walisema Jua hung'aa kwa kujikunja, uzito wake wenyewe ukiligandamiza na kulipasha moto. Hesabu yao ilikuwa safi, lakini ililipa Jua umri wa makumi ya mamilioni ya miaka tu. Wanajiolojia waliosoma miamba, na Charles Darwin aliyesoma viumbe, walihitaji muda mrefu kuliko huo mara nyingi. Dunia haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko Jua linaloipa mwanga, kwa hiyo upande mmoja lazima ulikuwa na kasoro.

Agosti 1920 Mwingereza Arthur Eddington alisimama mbele ya wanasayansi mjini Cardiff akatoa pendekezo la kishujaa. Vipimo vya Francis Aston vilikuwa vimeonyesha kwamba atomu moja ya heli ni nyepesi kidogo kuliko atomu nne za hidrojeni zikiwekwa pamoja. Ikiwa ndani ya nyota hidrojeni huungana kuwa heli, basi ule upungufu mdogo wa uzito hugeuka nishati, kama Albert Einstein alivyofundisha, na Jua linaweza kuwaka kwa mabilioni ya miaka. Kikwazo kilikuwa hiki: watu wote waliamini Jua limeumbwa kwa vitu vilevile vilivyoumba ardhi, chuma kwa wingi na hidrojeni kidogo.

Aliyekiondoa kikwazo hicho alikuwa msichana wa miaka 25. Cecilia Payne alikuwa mwanafunzi Cambridge aliposikiliza mhadhara wa Eddington kuhusu kupatwa kwa Jua kwa 1919, na mhadhara huo ukamgeuza moyo. Alimaliza masomo bila kupewa shahada, kwa kuwa Cambridge haikutoa shahada kwa wanawake hadi 1948. Mwaka 1923 akavuka bahari hadi Harvard, kwenye vioo vile vya Annie Cannon. Alikwenda na silaha mpya: mlinganyo wa Mhindi Meghnad Saha wa mwaka 1920, unaoeleza jinsi joto linavyobadilisha nguvu ya mistari ya elementi. Mstari wa chuma ukiwa mzito haina maana kwamba chuma ni kingi. Huenda joto tu ndilo linalokipa chuma sauti kubwa na kuinyamazisha hidrojeni.

Alipomaliza hesabu, matokeo yalimshangaza yeye mwenyewe. Nyota ni hidrojeni na heli, na vitu vingine vyote ni kama chumvi kwenye chakula. Tasnifu yake ilipelekwa kwa Russell, ambaye neno lake wakati ule lilikuwa sheria. Russell alijibu kwamba jambo hilo haliwezekani. Binti huyo, mgeni ugenini, ambaye riziki yake ilitegemea kauli ya wakubwa, akaandika katika tasnifu ya 1925 kwamba matokeo yake kuhusu hidrojeni yaelekea si ya kweli. Miaka minne baadaye Russell alifika mahali palepale kwa njia nyingine, akakiri kwamba Payne alitangulia. Harvard ilimpa uprofesa kamili mwaka 1956. Kila ninapoisoma habari hii nauma kidole. Hakuna kosa lililopatikana katika hesabu zake. Kilichomnyamazisha ni cheo cha aliyezisoma.

Baada ya hidrojeni kujulikana kuwa ni nyingi, tanuri likafunguka. Mwaka 1938 na 1939 Hans Bethe, aliyekimbia Ujerumani ya Hitler, alieleza hatua kwa hatua jinsi viini vya hidrojeni vinavyoungana. Katika kitovu cha Jua, kwenye joto la nyuzi milioni 15, tani milioni 600 hivi za hidrojeni hugeuka heli kila sekunde, na tani zipatazo milioni 4 katika hizo hugeuka nuru. Jua limefanya hivyo kwa miaka bilioni 4.6 na bado lina kuni za miaka mingine bilioni 5.

Watu wa rika moja

Sasa mfululizo ungeweza kupangwa upya, na kilichosaidia ni jambo ambalo jamii zetu zinalifahamu vizuri: rika. Nyota nyingi huzaliwa kwa makundi kutoka wingu moja la gesi na vumbi, kwa hiyo kundi zima lina umri mmoja. Zinatofautiana uzito tu. Na katika nyota, uzito ndio ajali yake. Nyota nzito hugandamizwa zaidi, huwa na joto zaidi, na hufuja kuni zake kama mrithi aliyeachiwa mali asiyoitolea jasho. Yenye uzito mara 10 ya Jua haifikishi miaka milioni 30. Ile nyekundu ndogo, inayochoma kwa uchoyo, inaweza kuishi matrilioni ya miaka, hata leo hakuna moja ya aina hiyo iliyokwisha kufa kwa uzee, maana ulimwengu wenyewe una miaka bilioni 13.8 tu.

Hivyo ukilitazama rika moja angani, tazama nani hawapo. Katika Kilimia nyota nzito za buluu bado zipo, ndiyo maana tunajua ni rika changa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Allan Sandage na wenzake walitumia darubini ya Palomar, California, kuchunguza makundi ya kale yenye mamia ya maelfu ya nyota. Waliona kwamba nyota zote nzito zimeuacha mkanda, na zile zinazofuata kwa uzito zinapinda kuelekea kona ya majitu mekundu. Mwaka 1955 Fred Hoyle na Martin Schwarzschild walikokotoa sababu. Hidrojeni ya kitovuni inapokwisha, kitovu kilichojaa heli hujikunja na kupata joto zaidi. Joto hilo huichochea hidrojeni iliyokizunguka. Na tabaka za nje huvimba na kupoa hadi kuwa nyekundu. Jitu jekundu lilikuwa mzee tangu hapo. Jua letu nalo litafika huko, na litakapovimba litawameza Utaridi na Zuhura.

Kijana melini

Ilibaki kujua nyota inakufaje. Kidokezo kilikuwa kando ya Sirius, nyota ing'aayo kuliko zote usiku, ambayo Waarabu waliiita Shi'ra na ambayo imetajwa katika Sura ya An-Najm ya Qurani. Mwaka 1844 Friedrich Bessel aliona kwamba Sirius inayumba kana kwamba inavutwa na mwenzi asiyeonekana. Mwaka 1862 Alvan Graham Clark, akijaribu darubini mpya Marekani, akamwona mwenzi huyo, kidoa hafifu. Kidoa hicho kikaja kupimwa na kukutwa na uzito unaokaribia wa Jua, katika umbo lisilozidi ukubwa wa dunia. Kijiko kimoja cha maada yake kina uzito wa tani kadhaa. Ndiyo nyota kibete nyeupe, kitovu kilichobaki baada ya jitu jekundu kuyavua mavazi yake ya nje. Haichomi tena chochote, na inapoa polepole kama chungu kilichoepuliwa.

Je, kila nyota huishia hapo? Julai 1930 kijana wa Kihindi mwenye umri wa miaka 19, Subrahmanyan Chandrasekhar, alipanda meli Bombay akielekea Cambridge kusoma. Meli ikakata Bahari ya Arabu, bahari ya majahazi na pepo za kaskazi na kusi, na yeye akawa na karatasi na muda. Alichukua hesabu za vibete vyeupe akaingiza ndani yake nadharia ya Einstein, kwa sababu elektroni zilizobanwa kiasi kile hukimbia karibu na kasi ya nuru. Jibu lilikuja na mpaka ndani yake. Kibete cheupe hakiwezi kuzidi takribani mara 1.4 ya uzito wa Jua. Kikizidi hapo, hakuna nguvu ya elektroni itakayokizuia kuporomoka.

Tarehe 11 Januari 1935 aliwasilisha kazi hiyo kikamilifu mbele ya chama cha wanafalaki, London. Alipoketi, akasimama Eddington. Alisema lazima iwepo sheria ya maumbile inayoikataza nyota kufanya upuuzi kama huo, na ukumbi ukacheka. Eddington yuleyule aliyemwamsha Cecilia Payne kwa mhadhara mmoja alimfungia mlango kijana huyu kwa hotuba moja. Chandrasekhar akahamia Marekani, akaliacha jambo hilo na kushughulikia mengine. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1983, akiwa na miaka 73. Mpaka aliouona baharini unaitwa kwa jina lake.

Jivu lililo hai

Wakati huohuo ilikuwa ikifahamika kwamba nyota kubwa haziachi maiti tu, huacha na urithi. Mwaka 1952 Paul Merrill aliona katika nuru ya majitu mekundu mistari ya teknetiamu, elementi inayooza ndani ya mamilioni machache tu ya miaka. Kama ingeingia nyotani tangu kuzaliwa kwake, ingekuwa imekwisha. Ilipikwa mumo humo, juzi kwa kalenda ya nyota. Huo ulikuwa ushahidi wa macho kwamba nyota ni jiko.

Mwaka 1957 watu wanne, Margaret Burbidge, mumewe Geoffrey, William Fowler na Fred Hoyle, walichapisha maelezo ya upishi wote. Margaret aliwahi kunyimwa ruhusa ya kutumia darubini ya Mount Wilson kwa sababu ni mwanamke, na baadaye aliingia huko kwa kisingizio cha kumsaidia mumewe. Walionyesha kwamba heli huungana kuwa kaboni, kaboni huzaa oksijeni, na nyota nzito huendelea kupanda ngazi hadi chuma. Hapo ndipo ngazi inapokatika, kwa maana kuunganisha viini vya chuma hakutoi nishati bali hula nishati. Tanuri huzimika ghafla, na kitovu chenye uzito kupita Jua huporomoka chini ya sekunde moja. Tabaka za nje hulipuka. Hiyo ndiyo supanova, ndiyo nyota mgeni, na lile jivu lake husambaa na kuingia katika mawingu yatakayozaa nyota nyingine na sayari zake. Chuma kilicho katika damu yako na chokaa iliyo katika mifupa yako vilipita humo.

Neno letu katika orodha ya wafu

Na kitovu kilichoporomoka je? Mwaka 1934 Walter Baade na Fritz Zwicky walidokeza kwamba supanova huacha mpira wa nyutroni tupu, na wengi waliuona kuwa ni ndoto. Mwaka 1967 mwanafunzi Jocelyn Bell, kwenye uwanja wa nyaya za redio huko Cambridge, aliona alama ndogo isiyoeleweka kwenye mita nyingi za karatasi. Ilikuwa mapigo yanayokuja kila baada ya sekunde 1.3 bila kukosea: nyota ya nyutroni inayozunguka. Tuzo ya Nobel ya 1974 ilipewa msimamizi wake, si yeye. Mwaka 1968 mapigo mengine, 30 kwa kila sekunde, yalisikika kutoka katikati ya wingu la gesi liitwalo Kaa, palepale ambapo Wachina walimwona mgeni wao mwaka 1054. Kaburi likapatikana, na ndani yake marehemu bado moyo unampiga.

Lakini wafu wengi hawana redio. Hutambulikana pale tu wanapomnyonya jirani. Gesi ya nyota hai ikivutwa na maiti nzito iliyo kando yake hupata joto la mamilioni ya nyuzi na kutoa mionzi ya eksi, na mionzi hiyo huzuiwa na angahewa letu. Ilibidi jicho lipelekwe nje ya dunia. Riccardo Giacconi na wenzake walitengeneza setilaiti ndogo, yenye uzito usiofika kilo 150, na wakatafuta mahali pa kuirushia palipo karibu na mstari wa ikweta, ili mzunguko wa dunia uipe msukumo na njia yake ikwepe eneo la mionzi mikali lililo juu ya Atlantiki ya kusini. Mahali hapo palikuwa jukwaa la San Marco, lililojengwa na Waitaliano wa Profesa Luigi Broglio baharini, mkabala wa Ngomeni, kaskazini ya Malindi.

Iliruka tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya kujitawala. Kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji waliowakaribisha, mkuu wa mradi Marjorie Townsend na wenzake waliipa jina la Uhuru.

Katika miaka miwili na ushee ya kazi, Uhuru ilifanya ambalo hakuna chombo kilichokuwa kimelifanya. Iliona nyota ya nyutroni, Centaurus X-3, ikipiga kila baada ya sekunde 4.8 na kujificha nyuma ya mwenzi wake kila siku mbili. Iliona Cygnus X-1 ikimetameta haraka kupita kiasi, na ilipofika 1972 Louise Webster na Paul Murdin kutoka Uingereza, na Tom Bolton huko Toronto, walikuwa wameonyesha kwamba kitu hicho kisichoonekana ni kizito mno kuwa kibete au nyota ya nyutroni. Lilikuwa shimo jeusi, yaani maiti ya nyota iliyoporomoka bila kizuizi, la kwanza kuaminiwa na wanasayansi. Ule upuuzi ambao ukumbi wa London uliucheka mwaka 1935 ulikuwa umeonekana, na chombo kilichouona kilitoka katika maji ya bahari ileile ya Hindi iliyombeba kijana Chandrasekhar.

Uhuru ilinyamaza Machi 1973, na mwaka 1979 ikaungua ilipoingia tena katika angahewa. Orodha yake ya mwisho, yenye vyanzo 339, ilichapishwa mwaka 1978. Wanafalaki wa Tokyo, wa Roma na wa Chile bado wanaitumia. Wakitaka kutaja maiti fulani ya nyota huandika 4U, kisha tarakimu za mahali ilipo: ya nne, ya Uhuru. Huenda wengi wao hawajui herufi hiyo ilitoka wapi. Sisi tunajua. Mkulima wa Kilimia alizipa nyota hai jina la kazi yake, na wajukuu zake wakaona nyota zilizokufa zikiandikishwa, mojamoja, chini ya neno la lugha yake.